Ndege Kuukuu ya Abiria Kugeuzwa ya Mizigo: Ipi Yafaa Kununuliwa?

(Maneno ya Halmashauri ya Mafunzo ya chama, yaliyosomwa mbele ya wanachama wa kiwanja cha ndege: mafundi, wapakizi na makarani wa mizigo.)



Mara nyingi tukikutana hapa twazungumza juu ya mishahara, saa za kazi na nyumba. Leo twataka kuzungumza juu ya chombo chenyewe tunachokifanyia kazi. Wengi wenu mmetuuliza: hizi ndege za mizigo, ambazo ukizitazama ubavuni waona alama za madirisha yaliyozibwa, zatoka wapi? Nani huzichagua? Na mfanyi kazi yamhusu nini?

Twajibu swali la mwisho kwanza. Yamhusu sana. Ndege ikichaguliwa vibaya, mwenye mali hupoteza fedha. Lakini fundi ndiye hukesha chini ya tumbo lake, mpakizi ndiye huingia ndani yake na tani za mizigo, na rubani ndiye huruka nayo. Tena kampuni ikiishiwa na fedha kwa sababu ya ndege mbovu, watu wa kwanza kupewa barua za kuachishwa kazi ni sisi. Basi haifai tuseme kwamba kununua ndege ni shauri la wakubwa peke yao.

KWA NINI WANUNUE KUUKUU

Ndege mpya ya mizigo ina bei kubwa mno. Lakini ndege ya abiria ikifika umri wa miaka 15 au 20, mashirika makubwa huanza kuiacha, maana yanywa mafuta kuliko zile mpya na matengenezo yake yazidi kila mwaka. Bei yake hushuka, na hapo ndipo mtu wa mizigo humngojea muuzaji.

Hesabu yake ni hii. Ndege ya abiria yapaswa kuruka saa nyingi kila siku ili ilipe. Ndege ya vifurushi yaweza kwenda safari moja au mbili za usiku, na mchana kutwa imesimama. Kwa hivyo mwenye ndege ya mizigo hatishwi sana na mafuta. Hutishwa zaidi na deni la kununulia. Ndege iliyochoka kwa abiria yaweza kufanya kazi ya mizigo miaka mingine mingi, ikiwa ilichaguliwa vizuri.

Jambo hili si geni kwetu. Kampuni ya Astral Aviation ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2000, imetumia ndege za mizigo za aina ya Boeing 727 na Boeing 757. Kenya Airways nayo iligeuza ndege zake za Boeing 737-300 kuwa za mizigo. Na kwa jirani zetu, mwaka 2021 Ethiopian Airlines ilipatana na kampuni ya IAI ya Israel kufanya kituo cha kugeuzia Boeing 767 huko Addis Ababa.

KUGEUZA SI KUNG'OA VITI

Wengine hudhani kugeuza ndege ni kung'oa viti tu. Sivyo. Mnakumbuka mwaka 2020 na 2021, wakati wa maradhi ya korona, mashirika mengi yalipakia mizigo ndani ya ndege za abiria, mengine juu ya viti, mengine yameondoa viti. Kenya Airways ilifanya hivyo na Boeing 787. Ilisaidia kwa wakati ule wa shida, lakini haikuwa ndege ya mizigo. Mlango ulikuwa ule ule mdogo wa abiria, na kila boksi lilipita mikononi mwa watu. Migongo ya wapakizi ndiyo iliyokuwa mashine.

Kugeuza hasa ni kazi ya miezi. Ndege hukatwa ubavuni, na kwa aina nyingi ni upande wa kushoto mbele ya bawa, ukawekwa mlango mkubwa. Katika Boeing 737-800 mlango huo una upana wa karibu mita 3 na nusu na kimo cha zaidi ya mita 2. Fikirini, ndugu. Kiwiliwili cha ndege hujazwa hewa kila safari kama mpira wa baiskeli. Ukikata tundu kubwa namna hiyo, nguvu iliyokuwa ikipita pale lazima ipitishwe mahali pengine, kwa mataruma mapya na mabati mazito kuzunguka mlango.

Kisha hushughulikiwa sakafu, kwa sababu abiria na kiti chake si sawa na paleti ya tani kadhaa. Boriti za sakafu huongezwa nguvu au hubadilishwa. Huwekwa magurudumu ya kusukumia paleti, na vifungo vya kuzishika. Mbele, kati ya mizigo na marubani, huwekwa ukuta au wavu wenye nguvu ya kuzuia mizigo hata ikisukumwa kwa nguvu mara 9 ya uzito wake. Vyoo na majiko huondolewa, madirisha huzibwa, na vyombo vya kunusa moshi huwekwa.

Kazi hiyo yote haifanywi kwa akili ya fundi mmoja. Lazima pawe na michoro iliyokubaliwa na serikali kwa aina ile ile ya ndege. Usione vyaelea, vimeundwa.

MAMBO SITA YA KUTAZAMA

Sasa tuje kwenye swali letu: mnunuzi akisimama mbele ya ndege kumi kuukuu, yafaa achague ipi?

La kwanza, aina. Ndege isiyo na michoro iliyokubaliwa haiwezi kugeuzwa, hata ikiuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Aina zinazojulikana sana katika kazi hii ni Boeing 737-800, ambayo ikigeuzwa hubeba karibu tani 24, Airbus A321, Boeing 767-300, yenye nafasi ya paleti 24 katika sakafu kuu, na Airbus A330-300, ambayo hufika kama tani 60. Boeing 757 yapendwa, lakini kiwanda kiliacha kuitengeneza mwaka 2004, kwa hivyo hata iliyo changa kuliko zote imekwisha pita miaka 20. Na anayenunua kwa kungojea kibali kitakachokuja ajue kwamba kibali huchelewa. Mpango wa kugeuza Boeing 777-300ER ulitangazwa mwaka 2019, na kibali chake kilipatikana mwaka 2025. Aliyeweka ndege zake akingojea, alilipa kodi ya maegesho miaka yote hiyo.

La pili, idadi ya safari. Hapa watu wengi hukosea, kwa kuuliza umri tu. Miaka pekee haitoshi, wala saa za angani pekee hazitoshi. Kila safari moja, ya kupanda na kutua, huvimbisha kiwiliwili mara moja na kukilegeza mara moja. Tufanye hesabu. Ndege ya Nairobi na Mombasa ikienda na kurudi mara nne kwa siku, ni safari 8. Kwa siku 300 za mwaka ni safari 2,400, na kwa miaka 20 ni 48,000. Ndege iendayo London, safari moja kwa siku, kwa miaka hiyo hiyo 20 ni safari 6,000 tu. Zote mbili zina umri mmoja, lakini moja ni kijana na nyingine ni mzee.

Msidhani haya ni maneno ya vitabuni. Tarehe 28 Aprili 1988, huko Hawaii, Boeing 737 ya Aloha Airlines ilipasuka paa ikiwa angani na abiria ndani. Mhudumu mmoja wa ndege alitupwa nje akafa. Ndege ile ilikuwa imekwisha fanya safari karibu 90,000, nyingi zikiwa fupi fupi, katika hewa ya chumvi ya bahari. Nyufa ndogo ndogo kando ya ribiti ziliungana zikawa ufa mmoja. Siku hizi, kwa sheria ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 2011, ndege kubwa hupangiwa kikomo cha safari na cha saa. Ikikifikia hairuhusiwi kuruka, hata iwe yang'aa kama shilingi mpya. Basi mnunuzi aulize: kikomo ni kipi, na ndege hii imebakiza safari ngapi?

La tatu, kutu. Mafundi wetu wajua pa kuchungulia: chini ya vyoo na chini ya majiko. Miaka 20 ya chai, maji na uchafu iliyomwagika hupenya sakafuni na kula boriti. Hizo ndizo boriti zitakazobebeshwa paleti. Kadhalika huulizwa ndege ililala wapi baada ya kuachwa. Nyingi hupelekwa katika nchi kavu, kama Victorville katika California, Marana katika Arizona, Teruel katika Hispania na Alice Springs katika Australia, kwa kuwa hewa ya jangwa haileti kutu upesi. Ndege iliyolala miaka miwili kando ya bahari bila kufunikwa si sawa na hizo.

La nne, injini na magurudumu. Kwa ndege kuukuu, injini zaweza kuwa na thamani kuliko kiwiliwili chote. Ndani ya injini mna sahani zinazozunguka kwa kasi, na kila sahani imehesabiwa safari zake. Zikiisha hutolewa, hata kama haina ufa unaoonekana. Muuzaji aweza kukuuzia ndege kwa bei nafuu kumbe injini zake zimebakiza miezi michache. Miguu ya magurudumu nayo hufunguliwa na kutengenezwa upya kila baada ya miaka 10 hivi, kwa fedha nyingi. Aliyenunua wiki moja kabla ya siku hiyo amenunua deni la mwenzake.

La tano, vitabu. Ndugu, ndege bila vitabu vyake ni mzoga. Kila kipande kilichohesabiwa safari lazima kiwe na karatasi tangu siku kilipotoka kiwandani: kilifungwa ndege gani, kikatolewa lini, nani alitia sahihi. Karatasi moja ikikosekana, kipande hicho ni kama hakifai. Na karatasi zaweza kughushiwa. Mwaka 2023 iligunduliwa kwamba kampuni moja ndogo ya Uingereza ilikuwa imeuza vipuri vya injini vyenye vyeti vya uongo, hasa kwa injini za CFM56, aina inayotumika katika Boeing 737-800. Mashirika makubwa ya dunia yalilazimika kufungua injini na kutoa vipuri hivyo. Ikiwa wakubwa wale walidanganywa, hata sisi twaweza kudanganywa.

La sita, ndugu zake. Ni heri kununua ndege tatu zilizotumiwa na shirika moja kuliko tatu kutoka mashirika matatu. Zile za nyumba moja huwa na vyombo sawa vya marubani, injini sawa na matengenezo ya namna moja. Fundi akiijua moja amezijua zote, na ghala la vipuri huwa moja. Zilizookotwa huku na huku humtesa fundi na karani wa ghala mpaka mwisho.

KIBALI CHAWEZA KUWA NA KASORO

Twataka kuwaeleza habari moja iliyotokea Marekani, maana ina mafunzo makubwa. Katika miaka ya 1980 na 1990, ndege 10 za Boeing 747-100 zilizokuwa za abiria ziligeuzwa kuwa za mizigo. Michoro ilikubaliwa, vyeti vilitolewa, wenye ndege wakaanza kazi. Kisha Januari 1996 serikali ya Marekani ikatoa amri: kazi ya kugeuza ilikuwa na kasoro katika nguvu ya kiwiliwili na sakafu, na ndege hizo zisibebe zaidi ya paundi 120,000. Zilikuwa zimenunuliwa ili zibebe zipatazo 200,000. Ndege isiyoweza kubeba mzigo wake hailipi deni lake. Nyingine zikaegeshwa, wenyewe wakaenda kortini, na kesi ikachukua miaka. Mnamo 1999 Boeing 727 nyingi zilizogeuzwa nazo zikawekewa amri kwa sababu ya udhaifu wa sakafu.

Mwajiri akituambia, "Ndege hii ina kibali," tujibu kwa heshima, "Vema, bwana. Kibali cha nani, cha mwaka gani, na amri gani zimetolewa juu yake tangu hapo?"

DAMU YA WENZETU

Ijapokuwa ndege imechaguliwa vizuri na kugeuzwa vizuri, hatari haikwishi, na hapa ndipo mikono yetu ilipo. Tarehe 7 Agosti 1997, huko Miami, ndege ya mizigo ya aina ya DC-8 iliyobeba vitambaa ilianguka mara tu ilipopaa. Watu wanne waliokuwamo na mmoja aliyekuwa chini walikufa. Wachunguzi waliona kwamba mizigo ilikuwa imepangwa hata uzito ukaelemea mkiani, na vifungo vingi vya paleti havikufungwa. Lakini sikilizeni hili: wachunguzi hawakuwatupia lawama wapakizi wa usiku ule peke yao. Walisema kampuni haikusimamia upakiaji, na serikali haikuikagua kampuni kama ilivyopasa.

Tarehe 29 Aprili 2013, huko Bagram katika Afghanistan, Boeing 747-400 iliyokuwa ya abiria kabla ya kugeuzwa ilipaa na magari matano mazito ya kijeshi. Gari liliponyoka likagonga nyuma na kuharibu vyombo vya kuongozea mkia. Watu wote saba waliokuwamo walikufa.

Na tarehe 4 Novemba 2025, huko Louisville katika Kentucky, MD-11 ya kampuni ya UPS ilipoteza injini ya kushoto ikiwa inapaa. Marubani wote watatu walikufa, pamoja na watu waliokuwa chini. Ndege ile ilitengenezwa mwaka 1991 na ilichukua abiria wa Thailand kabla ya kugeuzwa. Wachunguzi walieleza kwamba waliona nyufa za chuma kilichochoka katika vipande vinavyoshika injini kwenye bawa. Miaka 34, ndugu. Chuma huchoka kama mtu achokavyo, lakini hakisemi.

TWATAKA NINI

Chama chetu hakipingi ndege kuukuu. Zimewapa wengi wetu kazi, na bila hizo maua ya Naivasha na samaki wa Kisumu wangepata nafasi chache za kusafiri. Twachopinga ni ndege kuukuu kununuliwa gizani. Kwa hivyo halmashauri yaleta mbele yenu matakwa haya, ili yakikubaliwa yatiwe katika mazungumzo ya mkataba na kila mwajiri.

Moja: kabla ya kununua au kukodi ndege iliyotumika, mafundi wenye leseni wa hapa hapa wawe katika kikosi kinachokwenda kuikagua, na maoni yao yaandikwe. Wao ndio watakaoishi nayo.

Mbili: fundi asiamrishwe kutia sahihi kazi ambayo hakuiona kwa macho yake, wala kupokea kipuri ambacho karatasi zake hazikutimia. Wanachama wamekwisha kutulalamikia juu ya amri za namna hiyo zitolewazo saa nane za usiku, ndege ikingojewa. Jibu ni moja: sahihi ni jina lako, na jina halikodishwi.

Tatu: wapakizi wote, pamoja na wa vibarua, wafundishwe uzito na mizani ya kila aina ya ndege kabla ya kuigusa, na kifungo kibovu cha paleti kiandikwe na kutengenezwa, siyo kufungwa kwa kamba.

Nne: kazi ya kugeuza na kutengeneza ndege iletwe Afrika kadiri iwezekanavyo. Ikiwa Addis Ababa waliweza kupatana kufanya kituo, vijana wetu wa Nairobi nao wana mikono na akili. Wapewe mafunzo.

Nanyi jueni sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yampasa mfanyi kazi kumwarifu msimamizi akiona hatari kubwa, na yamkataza mwajiri kuwalazimisha watu kurudi penye hatari hiyo kabla ya kuiondoa. Tena mahali penye wafanyi kazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama, yenye wajumbe wa wafanyi kazi ndani yake. Kama kwenu kamati hiyo haipo, au ipo kwa jina tu, mwandikieni katibu wa tawi wiki hii, asingoje mkutano mwingine.

Ndugu, mkirudi kazini kesho na mkaona ndege ngeni imeletwa uwanjani, rangi mpya, madirisha yamezibwa, msiishie kuisifu rangi. Ulizeni ilifanya safari ngapi. Ulizeni ililala wapi. Ulizeni vitabu vyake viko wapi. Mtu mmoja akiuliza ataitwa mkaidi. Mkiuliza nyote, mtajibiwa.

Umoja ni nguvu.